Namba ya Umeme wa Shinyanga

Mume wangu Tarsisi ana sikio ambalo sijaliona kwa mtu mwingine. Kwaya ilipokuwa ikiimba katika ukumbi wa misheni pale kwetu Ushirombo, yeye alisimama nje mlangoni, akainamisha kichwa kidogo, kisha akasema spika ya kushoto ina kidonda. Ukienda kuitazama, kweli, karatasi yake imechanika mahali padogo kama ukucha wa mtoto. Bruda Donatus, aliyekuwa akitunza jenereta na mashine zote za misheni, alimtoa kwenye kazi ya kufyeka majani akamkabidhi mtambo wa sauti. Alimfundisha kwa vidole na kwa masikio. Kwa maandishi hakumfundisha, kwa sababu Tarsisi hajui kusoma.

Jambo hilo tulilijua watu watatu tu: yeye mwenyewe, Bruda na mimi. Jina lake anaweza kuliandika, ila analiandika kama mtu anayechora ng'ombe aliyemzoea, anaanza na mguu wowote. Akipata gazeti mahali analikunja vizuri na kulitia mfuko wa shati, na watu wanamwita fundi. Kisomo cha watu wazima kilipofika Ushirombo nilimwambia twende wote. Akasema fundi mzima hawezi kukaa benchi moja na vikongwe wakiimba ba, be, bi. Nikaenda peke yangu, jioni tatu kwa wiki, miezi ya mwisho mtoto wetu Epifania mgongoni. Nilipopata cheti cha hatua ya nne alikigeuza pande zote mbili, akasema ni kizuri, akakilaza chini ya godoro ili kisikunjamane. Hilo silisahau, kwa sababu alikilaza kwa upole.

Mtambo wenyewe ulikuwa na masanduku mawili. La kwanza lilikuwa la kukuza sauti, lenye vitufe mbele na taa za kioo ndani zinazowaka rangi ya machungwa. La pili lilikuwa la kupokea umeme na kulilisha lile la kwanza. Lilikuwa dogo zaidi lakini zito kama jiwe la kusagia. Nyuma ya hili la pili kulikuwa na kidude cheusi cha mviringo, ukubwa wa kifuniko cha soda, chenye mfereji wa kuingiza bisibisi na mshale mweupe. Kandokando yake ziliandikwa namba nne: 110, 160, 220, 240. Ukikizungusha kidude, mshale unaelekea namba unayotaka. Pale kwenye 160 palikuwa na tone la rangi nyekundu, rangi ya kupakia baiskeli, ambalo Tarsisi alilidondosha mwenyewe.

Maana ya namba zile nilimwuliza Bruda siku moja nilipompelekea nguo zake, kwani mimi ndiye niliyekuwa nikimfulia. Tangu nijue kusoma nilikuwa sipiti penye maandishi bila kuuliza, hata yawe ya gunia la mbolea. Bruda akafuta mafuta mikononi, akafurahi kuulizwa. Akanieleza kwamba umeme una nguvu zake, na nguvu hizo zinahesabiwa kwa namba. Jenereta yetu ilikuwa mzee. Umeme ukitoka pale bandani ni kitu, lakini ukisafiri kwenye ule waya mrefu mpaka ukumbini unafika umechoka, hauzidi sana mia moja na sitini. Mtambo ukiambiwa utegemee mia mbili na arobaini, basi unanong'ona tu.

"Kwa hiyo nimeuambia ukweli wa hapa," akasema. "Siku ukienda kwenye umeme wa mjini, lazima uambiwe ukweli wa mjini. Ule ni mia mbili na arobaini. Bila hivyo utaungua."

Naamini alimwambia Tarsisi pia. Lakini mtu asiyesoma anabeba alama, na alama aliyobeba Tarsisi ilikuwa lile tone jekundu. Kwake yeye hapo ndipo mahali pa mtambo, kama vile kila mlango una komeo lake. Watu wakiuhamisha mtambo, kidude kikiguswa, yeye anakuja na bisibisi na kukirudisha kwenye tone, basi, amemaliza. Kwa miaka minne ilikuwa sawa, kwa sababu kwa miaka minne mtambo haukutoka Ushirombo.

Mwaka sabini na saba Bruda akaugua, akarudishwa kwao. Jenereta ikazima kwa majuma. Ndipo akaja Bwana Hatibu, mfanyabiashara wa Shinyanga mjini, aliyekuwa na ukumbi na alikuwa akikusanya vijana wa bendi. Aliutaka mtambo, misheni wakamwuzia. Aliposikia Tarsisi akiujaribu, jenereta imewashwa kwa mafuta ya kuazima, akasema anamtaka na fundi wake pia. Masharti yalikuwa mepesi. Tarsisi aje atumikie dansi la kwanza, la Jumapili mchana. Likienda vizuri, kazi ni yake, na nyuma ya ukumbi kuna chumba chenye taa ya umeme atakachoishi na mke na mtoto.

Chumba kile nilikipanga kichwani kabla sijakiona. Kitanda ukutani, Epifania miguuni, na mimi chini ya taa na daftari. Pale Ushirombo kisomo kilikuwa kimefika mwisho wake. Mwalimu alikuwa akiturudishia vijitabu vile vile vya kilimo bora cha pamba mpaka tukavijua kwa moyo. Shinyanga kulikuwa na masomo ya jioni yanayoendelea hadi mtihani wa darasa la saba. Klara, binti wa mama yangu mdogo anayekaa Ibadakuli, kando ya mji huo, alikuwa ameniandikia habari zake mara mbili. Kwa hiyo dansi lile la Jumapili lilikuwa la Tarsisi, lakini na mimi nilikuwa nalichezea maisha yangu.

Tulisafiri na lori la pamba la Maganga. Mimi nilikaa mbele na mtoto. Tarsisi alikaa nyuma juu ya marobota, sanduku la umeme limezungushiwa blanketi letu katikati ya magoti yake, njia nzima, vumbi lote.

Jumapili tulipoingia ukumbini wanamuziki walikuwa wanapanga vyombo. Kulikuwa na mpiga gitaa mmoja anayeitwa Abdu, mtoto wa mjini, mwenye suruali pana chini na mdomo usiopumzika. Alimwamkia Tarsisi kwa heshima, kisha akamwuliza kama kule porini huwa wanakuza sauti za fisi. Watu wakacheka, Tarsisi naye akacheka. Nilimwona anavyofuta jasho kwenye shingo.

Ukutani, juu ya soketi, palikuwa na sanduku la chuma la umeme wa mji, limeandikwa kwa rangi nyeusi: 240 V. Nikaisoma mara moja, nikaisoma tena. Nikakumbuka maneno ya Bruda.

Nilimwendea. Alikuwa amesimama na Bwana Hatibu na Abdu wakizungumzia spika zikae wapi. Nikasema, "Baba Epifania, nina neno moja."

"Baadaye, mama," akanijibu, na macho yake yakaniomba nisimwaibishe.

Sikurudia. Labda mtu mwingine angerudia. Kwetu mke hamwiti mume mara ya pili mbele ya watu wanaompima, na hata ningemwita ningesema nini? Kwamba nyuma ya sanduku pameandikwa hivi na ukutani pameandikwa vile? Abdu angesema haya fundi, tusomee. Ndicho nilichoogopa kuliko moto.

Wanaume wakaenda uani kula. Mimi niliachwa ndani nilinde vyombo. Nikamweka Epifania sakafuni, nikachukua kisu cha mezani, nikaenda nyuma ya lile sanduku, nikakizungusha kidude kutoka kwenye tone jekundu mpaka mshale ukaelekea 240. Kiligoma kwanza kwa sababu ya vumbi, kisha kikaingia mahali pake kwa mlio mdogo. Sikuwahi kufanya kitu cha fundi maishani mwangu. Nilitazama mkono wangu kama si wangu. Nikasema moyoni, Tarsisi akiingia tu namnong'oneza, na mtu mwingine asijue.

Lakini Epifania alianza kulia, na mke wa Bwana Hatibu akachungulia, akasema mama usimnyonyeshe mtoto kwenye waya hizo, njoo huku kivulini. Mwenyeji akikuita huwezi kukataa. Nikaenda. Mtoto alinyonya akasinzia, tukazungumza habari za safari, na niliporudi ukumbi ulikuwa umejaa, Tarsisi amekaa kwenye kiti chake nyuma ya mtambo, bisibisi iko mfukoni pamoja na gazeti. Akanitazama akatabasamu. Sikuweza kumfikia.

Akawasha. Sauti ikatoka nene kuliko nilivyowahi kuisikia Ushirombo. Gitaa la Abdu likajaa mpaka kwenye mabati, na watu wakainuka kwenye viti hata kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Bwana Hatibu alikuwa mlangoni anatikisa kichwa kwa furaha. Nami, Mungu anisamehe, nilijivuna. Nilisema ndani yangu, huo ndio ukweli wa mjini, na mimi ndiye niliyeusema.

Walipiga wimbo mmoja na kipande cha pili. Ndipo nikaona zile taa za kioo ndani ya mtambo haziwaki rangi ya machungwa bali nyeupe. Kisha ikaja harufu ya vanishi inayoungua. Tarsisi aliinua kichwa, nadhani sikio lake lilishasikia mngurumo kabla yetu. Moshi ukatoka kwenye lile sanduku zito kama moshi wa chungu kilichosahauliwa jikoni. Fyuzi ilipaswa kukatika mapema na kuokoa vyombo, lakini fyuzi zilikwisha siku nyingi, na mahali pake Tarsisi alikuwa amefunga uzi wa waya ambao haukatiki kwa kitu. Akachomoa plagi. Alipolishika sanduku lilimchoma kiganja. Muziki ukafa, watu wakaanza kupiga miluzi na kudai viingilio vyao.

Ukumbi ulipotulia, Bwana Hatibu aliomba tochi. Hakupiga kelele. Aliuliza tu ni nani aliyegusa mtambo huu mbali na fundi.

Abdu akasema yeye hataki kumsingizia mtu, lakini aliporudi kuchukua sigara alimwona mama huyu nyuma ya sanduku na kisu mkononi.

Wote wakanigeukia. Nikamtazama Tarsisi. Alikuwa amekishika kiganja kilichoungua, anakitazama.

"Niligusa," nikasema. "Nilikuta mshale uko mia moja na sitini, nikauweka mia mbili na arobaini, kwa sababu umeme wa hapa ndio huo. Pale ukutani pameandikwa, na kusoma najua, nina cheti cha kisomo."

Bwana Hatibu akainama na tochi. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayemwonea mtoto huruma, "Mama, njoo utazame. Huu mshale uko mia moja na sitini."

Nikainama. Ulikuwa kwenye 160. Juu kabisa ya lile tone jekundu.

Nilielewa palepale. Alikuwa amerudi kutoka kula, akakagua mtambo wake kama fundi mzuri anavyokagua, akaona mshale umetoka kwenye alama, akatoa bisibisi akaurudisha.

Abdu alikuwa wa kwanza kucheka. "Kisomo cha watu wazima hicho," akasema. "Wamemfundisha namba kuanzia nyuma."

"Mwacheni," mwingine akasema, "si ana cheti. Cheti hakisomi lakini kinaunguza vizuri."

Nilimtazama tena mume wangu. Lilikuwa limebaki neno moja tu, na lilikuwa lake. Angesema, nimeurudisha mimi. Wangemwuliza, kwa nini, wakati namba ziko wazi? Na hapo ndipo pangekuwa mwisho wa fundi. Kazi ingeondoka, chumba kingeondoka, na lile gazeti mfukoni lingekuwa kichekesho cha Shinyanga nzima. Alijua hivyo. Mimi pia nilijua. Nilikuwa na neno hilohilo kinywani mwangu, ningeweza kulisema kwa niaba yake. Nililimeza. Nilisubiri yeye alitoe.

Tarsisi aliinama akaanza kukunja waya wa maikrofoni. Aliukunja vizuri, mduara juu ya mduara, mpaka ukaisha.

Kisha akasema, bila kuinua uso, "Nilimwacha alinde mtoto tu."

Hukumu ya Bwana Hatibu haikuchukua muda. Fundi hana kosa, alisikia sauti yenyewe ilivyokuwa imenyooka kabla ya kuharibika. Mtambo mwingine atauagiza Mwanza. Kazi ni ya Tarsisi. Ila yeye hawezi kulaza mwanamke na mitambo chini ya bati moja, leo kisu, kesho maji ya mtoto. Mama arudi Ushirombo kwanza, mengine yataonekana mbele ya safari. Alisema hayo kwa adabu, na mke wake akanifungia chapati za njiani.

Kesho yake asubuhi Tarsisi alinisindikiza mpaka penye lori la Maganga. Kiganja chake kilikuwa kimefungwa kitambaa. Epifania alikuwa akivuta kile kitambaa, na yeye akamwachia.

Nilimwuliza kama aliukuta mshale kwenye namba nyingine.

"Niliukuta umetoka kwenye alama," akasema.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Kwa nini hukuniambia?"

Nikamwambia nilimwita akasema baadaye. Akakikaza kitambaa cha kiganja. Nikamwambia, jana ningeweza kusema.

"Najua," akasema. "Kama ungesema, wangenipa kitu nisome." Halafu akaongeza kwamba nivumilie, kwamba akishazoeleka atakuja kutuchukua, kwamba watu husahau. Alisema watu husahau mara mbili. Nilikuwa nangoja aseme kitu kingine, hata kama si kwa Hatibu, hata kama ni kwangu tu hapo kando ya tairi la lori. Maganga akapiga honi.

Habari ilifika Ushirombo sawia na mimi, maana Maganga njia nzima alikuwa anaiacha kila kituo. Kisimani wanawake walinipisha nitangulie, kisha mmoja akasema, Mama Epifania, hebu nisomee gunia langu, lakini usiliunguze. Mwalimu wetu wa kisomo hakunicheka, ila aliniuliza kwa upole kama labda kwa haraka niliichanganya moja na mbili. Nikasema sikuichanganya. Akasema hata wasomi wakubwa huchanganya. Nilirudi nyumbani nikatoa cheti chini ya godoro, nikazisoma alama zangu za hesabu. Zilikuwa palepale. Nilikirudisha nikalala juu yake.

Muhula wa Shinyanga ulikuwa ukianza mwezi wa saba. Klara aliandika akauliza nimekwama wapi, kwamba mahali pa kulala jikoni kwake pako, lakini orodha ya majina inafungwa. Sikumjibu. Niliona aibu kwenda mjini ambako mume wangu ana kazi nikalale jikoni kwa ndugu, watu waseme nimeachwa. Nilimngoja Tarsisi.

Wiki ya saba Maganga alisimamisha lori mlangoni kwangu. "Mwangaluka, mayu," akaniamkia kwa Kisukuma, kisha akatoa karatasi kwenye kofia yake. Haikuwa barua. Ilikuwa picha. Tarsisi alikuwa amechora kwa penseli mgongo wa mtambo mpya, vizuri sana, kila skrubu mahali pake, kidude cha mviringo na mshale, na kandokando yake namba nne amezichora kama alivyoziona, ile mbili imegeukia upande wa pili na sifuri ni yai. Hapakuwa na neno hata moja.

"Fundi anasema umtilie alama tu," Maganga akasema. "Anasema utaelewa."

Nilielewa. Hakuna mtu Shinyanga ambaye angeweza kumwuliza. Akimwuliza Abdu mshale uende wapi, amejianika. Alikuwa amekaa na mtambo mpya ndani ya boksi, Jumapili inakuja, na mtu pekee ulimwenguni aliyeweza kumsomea bila kumcheka ni mimi. Yaani yule ambaye yeye aliwaachia watu wamcheke.

Nilimwambia Maganga apumzike kidogo nimpe uji. Nikakaa kizingitini na kalamu. Tone moja lingetosha. Ningelitia kwenye 240, naye angefurahi, na mtambo ungeimba, na mwaka ujao ungekuja mtambo mwingine na picha nyingine, na mimi ningekuwa bado hapa nawatilia watu alama. Niliusogeza wino karibu kabisa na ile namba. Nikamwona alivyochora, ulimi nje kwenye kona ya mdomo kama afanyavyo akikaza mawazo, na nikamhurumia. Nampenda, siwezi kusema simpendi. Hata hivyo mkono wangu ulishuka chini ya picha, kwenye nafasi nyeupe, nikaandika kwa herufi kubwa za kisomo, zile ambazo mtu yeyote anayesoma atazisoma:

"Mshale uwekwe mia mbili na arobaini. Na ule wa kwanza niliuweka hapohapo, wewe ukaurudisha mia moja na sitini. Febronia."

Tone sikutia. Atakayetaka namba itambidi ayasikie yote.

Maganga alikwenda. Zilipita siku kumi, na kila siku nilifikiri nimevunja nyumba yangu. Nilijiona nikimwona Tarsisi anashuka na godoro lake. Niliandaa hata maneno. Nilifagia uwanja mara mbili kwa siku.

Lori liliporudi alishuka Maganga peke yake. Nikamwuliza kabla hajaniamkia. Yeye ni mtu wa kusimulia, akakaa kwenye kinu.

Tarsisi aliitembeza karatasi siku mbili mfukoni, akasema. Aliigeuza, akaitazama, akairudisha. Jumapili mchana watu wakiwa wanaingia alikuwa hajachomeka plagi. Mwisho akampa Abdu, akamwambia macho yanamwuma. Abdu akaisoma kwa sauti, mbele ya bendi nzima, na Bwana Hatibu alikuwa hapohapo.

"Akafanyaje Hatibu?"

"Akaichukua akaisoma mwenyewe. Akasema, kumbe fundi wetu hasomi. Wakacheka kidogo. Akazungusha mshale mwenyewe, wakapiga muziki, tena mzuri sana."

"Na kazi?"

"Kazi anayo. Hatibu kasema haidhuru, sikio analo. Sasa Abdu ndiye anayemsomea." Maganga akafikiri. "Na wewe Hatibu amekusifu. Kasema unaandika mwandiko mzuri."

Nilimwuliza kama kuna aliyesema habari ya mimi kusingiziwa. Akanitazama kama mtu asiyeelewa swali. Kila mtu alikuwa ameshacheka mara moja, akasema, kwa nini wacheke tena upya? Nikauliza habari ya chumba. Wanalala humo Abdu na mpiga ngoma na Tarsisi. Hakuna aliyezungumza habari ya chumba.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Ukweli ambao niliumeza ili mume wangu asiangamie ulisemwa mbele ya watu wote, na haukumwangamiza mtu. Haukumwinua mtu pia. Ulipita kama salamu. Zile wiki saba nilizobeba aibu ili kulinda kazi, kazi haikuhitaji kulindwa na mimi. Nilitamani angalau wangekasirika.

"Tarsisi amesema nini?" nikauliza.

"Tarsisi hakusema." Maganga alijikuna chini ya kofia. "Ah, aliniuliza kama mtoto ameshatembea. Nikamwambia sijui."

Epifania alikuwa ametembea tangu siku ya Jumatano. Wakati ule alikuwa ameshikilia ukingo wa kinu, karibu na goti la Maganga, anaangalia viatu vyake vya tairi.

Nikahesabu siku za mwezi kwa vidole. Orodha aliyoniandikia Klara ilikuwa imebakiza siku nne kufungwa. Niliingia ndani, nikatoa cheti chini ya godoro, nikakikunja. Kikakunjamana, nikakitia kwenye kanga pamoja na nguo za mtoto. Nilifunga mlango kwa kamba nikampa jirani ufunguo wa stoo, nikamwambia kuku ni wake mpaka atakapopata barua yangu.

Maganga alikuwa amekwisha washa injini. Akaniuliza naenda kwa fundi, anishushe ukumbini?

"Nishushe Ibadakuli," nikasema.

Akasema Ibadakuli sawa, njiani hapo, lakini mbele leo pamejaa, karani wa mizani ya pamba amekwisha kaa dirishani na mfuko wake.

"Basi karani atasogea," nikasema, na nikampandisha mtoto kwanza.